USHIRIKIANO WA KIMATAIFA KATIKA KUSIMAMIA MICHEZO YA KUBAHATISHA: MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WAKAZI WA VISIWA NA MWAMBAO WA KILWA

Utangulizi

Msimu wa korosho unapofika na malipo ya mnada kuanza kuingia katika akaunti za wakulima, au bahari inapotulia na wavuvi wa Songosongo na Kilwa Kisiwani wakapata bei nzuri ya samaki na pweza, fedha huonekana mikononi mwa watu kwa muda mfupi. Sehemu ya fedha hizo huweza kuishia katika michezo ya kubahatisha. Hapo zamani mkazi wa kisiwani aliyetaka kucheza bahati nasibu alilazimika kupanda mashua hadi Masoko akanunue tiketi kwa wakala anayemfahamu kwa sura. Leo simu ya mkononi inamtosha. Akiwa amekaa barazani kwake, aweza kuweka dau juu ya mechi inayochezwa Uingereza, kwa kampuni iliyosajiliwa katika kisiwa cha bahari ya Karibi, kwa mtambo uliowekwa katika nchi ya tatu.

Swali linalozuka ni hili: mtu huyo akishinda asilipwe, au akigundua kwamba ameibiwa, ni nani mwenye uwezo wa kumpatia haki yake? Polisi wa Kilwa hawana madaraka katika kisiwa cha Karibi, na afisa wa kisiwa hicho hamjui mvuvi wa Kilwa. Jambo linaloweza kuziba pengo hilo ni ushirikiano baina ya vyombo vya nchi mbalimbali vinavyosimamia michezo hiyo. Makala haya yanaeleza ushirikiano huo ulivyo, unavyofanya kazi, mahali unapokomea, na wajibu wa mtumishi wa Serikali na wa mkazi katika kuufanya uwe na manufaa.

1. Chombo chenye madaraka nchini

Itakumbukwa kwamba kabla ya mwaka 2003 michezo hii ilisimamiwa kwa sheria mbili, yaani ile ya mwaka 1967 iliyohusu bahati nasibu na ubashiri, na ile ya mwaka 1974 iliyohusu Bahati Nasibu ya Taifa. Sheria hizo zilitungwa kabla ya kasino na mashine za sarafu kuenea nchini. Bunge likatunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha Namba 4 ya mwaka 2003, ambayo iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Bodi hiyo iko chini ya Wizara ya Fedha, na ndiyo inayotoa leseni za kasino, mashine za sarafu (zile ambazo vijana huziita dubwi), ubashiri wa matokeo ya michezo, bahati nasibu, na michezo inayochezwa kwa intaneti.

Mambo mawili katika sheria hiyo yanafaa kushikwa vyema. Kwanza, mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza. Pili, sheria hiyo inahusu Tanzania Bara. Michezo ya kubahatisha haimo katika orodha ya mambo ya Muungano, hivyo Zanzibar ina madaraka yake yenyewe juu ya suala hili. Kwa maneno mengine, hata ndani ya Jamhuri ya Muungano madaraka ya Bodi hufika ukingo wa maji yakakoma.

Ifahamike pia kwamba leseni si himizo la kucheza. Wakazi wengi wa mwambao huiona kamari kuwa ni haramu kwa mujibu wa dini yao, na sheria haimlazimishi mtu yeyote kuingia katika michezo hiyo. Kazi ya leseni ni kumtambua mwendeshaji, kumtoza kodi, na kumweka mahali anapoweza kuulizwa na kuwajibishwa.

2. Kwa nini sheria ya nchi moja haitoshi

Mwaka 1994 kisiwa cha Antigua katika bahari ya Karibi kilifungua mlango kwa kutunga sheria iliyowezesha kampuni kupata leseni ya kuendesha michezo ya kubahatisha kwa njia ya mawasiliano hadi nchi za nje. Visiwa na nchi nyingine ndogo zikafuata, zikiwamo Curaçao na Malta. Nchi hizo zilipata ada na ajira. Lakini wachezaji wengi hawakuwa wakazi wa visiwa hivyo, bali raia wa nchi ambazo hazikuulizwa.

Mgogoro haukuchelewa. Marekani iliwazuia waendeshaji wa Antigua kuwahudumia wakazi wake. Mwaka 2003 Antigua ikaipeleka Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani mjini Geneva. Mwaka 2005 Antigua ilipata ushindi kwa sehemu, na mwaka 2007 wasuluhishi waliiruhusu kusimamisha baadhi ya wajibu wake wa kibiashara kwa Marekani hadi kiasi cha dola milioni 21 kwa mwaka. Kesi hiyo ilionyesha kwamba pale ambapo nchi mbili hazina maelewano juu ya mchezo unaovuka mipaka, shauri huweza kuchukua miaka mingi huku mchezaji akiwa hana mtetezi.

Jambo hili haliko mbali na Kilwa. Mtu akisoma maandishi madogo yaliyo chini kabisa ya kurasa nyingi za michezo hiyo katika intaneti, atakuta imeandikwa kwamba kampuni husika ina leseni ya Anjouan. Huyo ni Nzwani, kisiwa cha Komoro, ambacho tarikh ya kale ya Kilwa inakitaja miongoni mwa mahali walipofikia wasafiri wa Kishirazi katika jahazi zao. Ujirani huo wa kihistoria usimdanganye mtu. Leseni iliyotolewa Nzwani, Curaçao au Malta haimpi mwendeshaji ruhusa ya kufanya biashara hiyo Tanzania Bara. Mwendeshaji asiye na leseni ya Bodi, hata akiwa na leseni kumi za nje, hapa hana ruhusa.

3. Namna ushirikiano unavyofanyika

Ushirikiano wa wasimamizi una vipengele vitano vilivyo vikubwa.

(a) Kumchunguza mwombaji wa leseni. Kampuni inapoomba leseni, msimamizi hutaka kujua wamiliki wake ni akina nani, fedha zao zimetoka wapi, na kama wamewahi kunyang'anywa leseni au kutiwa hatiani mahali pengine. Majibu ya maswali hayo mara nyingi yamo katika majalada ya nchi nyingine. Chama cha Kimataifa cha Wasimamizi wa Michezo ya Kubahatisha, kijulikanacho kwa kifupi IAGR, kimetayarisha fomu ya pamoja ya maelezo binafsi, ili mwombaji ajaze habari zilezile mbele ya wasimamizi wa nchi mbalimbali. Kwa njia hiyo, anayesema neno moja katika nchi hii na neno jingine katika nchi ile huweza kugundulika.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika mfano wa Bahati Nasibu ya Taifa. Kampuni ya Ithuba, ambayo mwaka 2015 ilianza kuendesha Bahati Nasibu ya Taifa ya Afrika Kusini, ndiyo iliyokuja kupewa leseni ya kuendesha bahati nasibu ya Tanzania. Mwendeshaji anapokuwa na historia katika nchi nyingine, njia bora ya kuijua historia hiyo ni kumwuliza msimamizi wa huko.

(b) Kupima mitambo. Mashine ya sarafu au programu ya mchezo huongozwa na hesabu zilizofichwa ndani yake. Mchezaji hawezi kuzikagua kwa macho. Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi hutegemea maabara zinazopima mitambo kwa vipimo vinavyokubalika katika nchi nyingi, kama vile kipimo cha GLI-11 cha mashine za kasino. Nchi moja ikikuta kasoro katika aina fulani ya mashine na kuwaarifu wenzake, mashine hizo hazitapata mahali pengine pa kukimbilia kwa urahisi. Taarifa isipotolewa, mashine iliyokataliwa katika mji mmoja huweza kufungwa katika sanduku ikapelekwa kijijini mbali.

(c) Kuzuia fedha haramu. Mtu mwenye fedha za wizi au za dawa za kulevya aweza kuziingiza katika kasino, akacheza kidogo, kisha akazitoa na kudai kwamba amezishinda. Kikosi Kazi cha Kimataifa cha kupambana na fedha haramu (FATF), kilichoundwa mwaka 1989, kinataka kasino zimtambue mteja anayefanya muamala wa kuanzia dola 3,000 za Marekani, na kinataka wahalifu wazuiwe kumiliki kasino. Katika eneo letu kazi hiyo hufuatiliwa na ESAAMLG, umoja wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika ulioanzishwa Arusha mwaka 1999, ambao makao yake makuu yako Dar es Salaam. Tanzania ilitunga sheria yake ya kuzuia fedha haramu mwaka 2006, na sheria hiyo inawataka waendeshaji wa michezo ya kubahatisha watoe taarifa za miamala yenye mashaka kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu.

Uzito wa suala hili ulidhihirika Oktoba 2022, pale FATF ilipoiweka Tanzania katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Miongoni mwa mambo yaliyotakiwa kurekebishwa ni usimamizi wa mabenki na wa biashara nyingine zilizo nje ya mabenki, kundi ambalo kasino zimo ndani yake. Tanzania iliondolewa katika orodha hiyo Juni 2025. Kuwemo katika orodha ya namna hiyo huyafanya mabenki ya nje yaitazame kwa hadhari zaidi miamala ya nchi nzima, ikiwamo ya mfanyabiashara ambaye hajawahi kuingia kasino.

(d) Kuzuia upangaji wa matokeo. Mechi huweza kupangwa katika nchi moja ilhali madau yanawekwa katika nchi kumi. Msimamizi mmoja huona sehemu ndogo tu ya mchoro. Ndiyo maana Baraza la Ulaya liliandaa Mkataba wa Macolin, uliofunguliwa kwa kutiwa saini Septemba 2014 na kuanza kutumika Septemba 2019, unaozitaka nchi wanachama kubadilishana habari za madau yasiyo ya kawaida. Mkataba huo uko wazi hata kwa nchi zisizo za Ulaya.

(e) Kubadilishana habari na uzoefu. Wasimamizi wa Afrika wana jukwaa lao, GRAF, ambamo hukutana na kujadili mambo yanayowahusu wote. Huko Ulaya, Novemba 2015 wasimamizi wa nchi kadhaa walitia saini utaratibu wa kusaidiana katika michezo ya intaneti, unaoeleza habari zipi zinaweza kuombwa na kwa njia gani. Utaratibu huo ni makubaliano ya kiutawala wala si sheria. Hata hivyo umeondoa usumbufu wa kuanza upya kila barua inapoandikwa.

4. Mfano kutoka Afrika Mashariki

Tarehe 13 Julai 2017 mashabiki walijaa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kuitazama Everton ya Uingereza ikicheza na Gor Mahia ya Kenya. Mechi hiyo iliandaliwa kwa udhamini wa SportPesa, kampuni ya ubashiri iliyoanzia Kenya na iliyokuwa imeingia Tanzania mwaka huohuo. Nchi tatu zilikutana katika uwanja mmoja, na kila moja ilikuwa na msimamizi wake na sheria yake.

Miaka miwili baadaye, Julai 2019, Serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za ubashiri, SportPesa ikiwamo, kutokana na mvutano uliohusu kodi. Ili agizo hilo litekelezeke, Bodi ya Kenya iliyataka makampuni ya simu yafunge namba ambazo wateja walizitumia kulipa. Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba njia ya malipo ndiyo shingo ya biashara hii: ikishikwa, mwili wote hutii. La pili ni kwamba leseni ikisimama katika nchi moja haisimami yenyewe katika nchi jirani. Msimamizi wa nchi jirani hana budi kuarifiwa, kupima, na kuamua kwa sheria yake mwenyewe.

Tofauti za sheria zenyewe ni kubwa. Tanzania na Kenya zinamruhusu mtu wa miaka 18 kucheza. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, inamtaka awe ametimiza miaka 25. Kijana wa miaka 20 aliyekatazwa Kampala anaruhusiwa Dar es Salaam. Msimamizi wa Uganda akiomba msaada juu ya kampuni inayowapokea vijana wa namna hiyo kwa njia ya simu, mwenzake wa nchi nyingine aweza kujibu kwamba kwake hapana kosa lililotendeka.

5. Mipaka ya ushirikiano

Si vyema mwananchi aahidiwe zaidi ya yale yanayowezekana. Vyama vya wasimamizi kama IAGR na GRAF havina polisi wala mahakama, na haviwezi kumwamuru mwanachama. Msaada hutolewa kwa hiari, na mara nyingi kwa polepole. Inapohitajika kukamata mtu, kupekua au kuzuia mali, jambo hutoka mikononi mwa wasimamizi na kuingia katika sheria ya kusaidiana katika makosa ya jinai ya mwaka 1991, ambayo ina taratibu zake. Aidha, tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inaweka masharti ya kupeleka habari za watu nje ya nchi. Masharti hayo ni kinga kwa raia, nayo hayana budi kufuatwa.

Kipo pia kikwazo kisichotajwa mara kwa mara. Kila serikali hupata mapato kutokana na michezo hii. Nchi inayopata ada nyingi kwa kutoa leseni kwa kampuni zinazocheza na watu wa nje huenda isiwe na haraka ya kuzifungia kampuni hizo kwa ajili ya malalamiko ya mgeni. Ushirikiano hustawi pale ambapo kila upande unaona kwamba hasara ya mwenzake itamfikia.

Mpaka mkubwa kuliko yote ni huu: ushirikiano hufanyika baina ya msimamizi na msimamizi. Mwendeshaji asiye na leseni mahali popote hana msimamizi wa kumwandikia. Na mahakamani nako mlango ni mwembamba, kwa kuwa Sheria ya Mikataba huyahesabu makubaliano ya kuwekeana dau kuwa batili. Chukulia kijana aliyeuza ufuta wake, akaweka fedha zote katika ukurasa alioletewa na rafiki kwa njia ya simu. Akaonyeshwa kwamba ameshinda, kisha akatakiwa kulipa "ada ya kutolea ushindi", na baada ya kulipa ukurasa ukatoweka. Kijana huyo hakupoteza mchezo, bali ametapeliwa, na mahali pake pa kwanza pa kwenda ni kituo cha polisi. Mwenzake aliyecheza na kampuni yenye leseni ya Bodi anaweza kupeleka malalamiko kwa Bodi yenyewe, ambayo ina uwezo wa kuiita kampuni hiyo ijieleze.

6. Wajibu wa watumishi wa Serikali

Habari zinazobadilishwa katika mikutano ya kimataifa huanzia chini. Mashine isiyo na leseni iliyowekwa nyuma ya duka katika kijiji haionekani kutoka Dar es Salaam wala kutoka nchi za nje. Anayeiona ni mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, mwalimu ambaye wanafunzi wake hawafiki darasani, na askari wa doria. Kwa sababu hiyo watumishi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(i) Kutofautisha leseni ya biashara na leseni ya Bodi. Leseni ya duka haimpi mwenye duka ruhusa ya kuweka mashine ya kamari.

(ii) Kuandika taarifa iliyo kamili: mahali, tarehe, jina la biashara, na namba au alama zilizo katika mashine. Namba hizo ndizo zinazowezesha kujua mashine ilikotoka na ilipopitia.

(iii) Kuipitisha taarifa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na kwa Polisi, ili ifike kwenye Bodi. Mtumishi asivunje wala kuichukua mashine kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani akifanya hivyo atakuwa ameharibu ushahidi.

(iv) Kutotumia fedha za umma katika michezo hiyo. Fedha zilizokabidhiwa kwa mtumishi hazibadiliki kuwa zake kwa tumaini la kuzirudisha baada ya kushinda.

7. Ushauri kwa wakazi

Mkazi anayechagua kucheza anashauriwa kuhakikisha kwanza kwamba mwendeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni inayotangazwa na Bodi. Leseni ya nchi ya nje isichukuliwe kuwa badala yake. Ahifadhi ujumbe wa malipo, namba ya mkeka wake, na tarehe, kwa maana lalamiko lisilo na ushahidi halisafiri mbali. Asimkopeshe mtu laini yake ya simu au kitambulisho chake kwa ajili ya kubashiri, hasa mtoto, kwa kuwa muamala utasomeka kwa jina lake. Ajihadhari na yeyote anayedai malipo kabla ya kutoa ushindi.

Zaidi ya yote, fedha ya ada ya shule, ya pembejeo, ya nyavu na ya matibabu isiwekwe dau. Hakuna msimamizi, awe wa Dar es Salaam, London au Nzwani, mwenye madaraka ya kumrudishia mtu fedha alizopoteza katika mchezo ulioendeshwa kihalali.

Hitimisho

Kilwa ilikuwa bandari kabla ya mataifa ya leo kuwekewa mipaka, na sarafu za masultani wake zimeokotwa mbali, hata katika visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Fedha huvuka maji upesi kuliko sheria. Wasimamizi wa nchi mbalimbali wanajitahidi kuifanya sheria nayo ivuke, kwa fomu za pamoja, vipimo vya pamoja na barua za kuulizana. Kazi hiyo haijakamilika, na nguvu yake inategemea taarifa inayoanzia kijijini. Mkazi anayeuliza leseni kabla ya kutoa fedha yake, na mtumishi anayeandika namba ya mashine badala ya kuipita, wote wawili wamekwisha kushiriki katika ushirikiano huo.